Miguu Inayowaka na Shauri la Kupumzika

Mtu akirudi nyumbani katika mtaa wa Golf baada ya kumaliza matibabu ya saratani, awe ametibiwa hapa hapa Lubumbashi au amevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, ndugu, majirani na watu wa kanisani humpa shauri moja: pumzika. Kiti huwekwa barazani, ndoo huondolewa mikononi mwake, watoto hutumwa dukani kwa niaba yake. Ni shauri la upendo, na katika wiki za kwanza, damu ikiwa bado chini na mwili umeishiwa nguvu, lina haki yake. Lakini wako wagonjwa ambao dawa zimewaachia maumivu ya neva: miguu inayowaka usiku, vidole vilivyokufa ganzi, hisia ya kukanyaga changarawe hata wanapotembea juu ya zulia. Kwao, shauri hilo likidumu miezi na miaka huwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ninashikilia kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji mazoezi kuliko hata jirani yake mzima, na kwamba anachopaswa kukihofia zaidi ni kile ambacho nyayo zake hazikisikii tena, kuliko maumivu anayoyasikia.

Ili hoja hiyo ieleweke, tuanze na neva yenyewe. Chembe ya neva inayotuletea habari za kidole gumba cha mguu imekaa karibu na uti wa mgongo, kiunoni, na kutoka hapo inanyoosha uzi mmoja mwembamba hadi kidoleni, urefu wa karibu mita moja kwa mtu mzima. Chakula na vifaa vyote vya kutengeneza uzi huo husafirishwa kutoka kwenye chembe, kama bidhaa za malori yanayopitia Kasumbalesa: njia ikifungwa, duka la mwisho kabisa ndilo linaloishiwa kwanza. Ndiyo sababu ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda hadi kifundo, kisha ikaingia vidole vya mikono. Paklitakseli, inayotumika sana kwa saratani ya matiti na ya mfuko wa mayai, hugandisha reli za ndani zinazopitisha vifaa hivyo. Vinkristini huzuia reli hizo zisijengwe. Sisplatini, inayopewa wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi pamoja na mionzi, hujikusanya kwenye chembe zenyewe karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo kinga inayozuia sumu za damu ni hafifu. Ndiyo maana ganzi ya sisplatini inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa asiyeambiwa habari hiyo hudhani saratani imerudi, au amerogwa, au ni zile hatua chache alizotembea ndizo zilizomharibu.

Jambo hili si geni katika ukanda wetu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1967, na miaka yake ya mwanzo ilijengeka juu ya watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Miongoni mwa dawa zilizowaponya wengi wao ilikuwa vinkristini, inayotokana na ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo leo watu hulipanda mbele ya nyumba zao Afrika Mashariki na Kati bila kujua limeokoa maisha mangapi. Tangu siku hizo madaktari walijua kwamba dawa hiyo huchokoza neva. Karibu zaidi na wakati wetu, utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa watu wenye VVU na saratani ya Kaposi iliyokwisha kusambaa, paklitakseli ni bora kuliko dawa zile nyingine zilizokuwa zikitumika. Ni habari njema. Maana yake pia ni kwamba watu wengi zaidi wa kwetu watapona huku nyayo zao zimeguswa, na baadhi yao walikuwa na neva dhaifu hata kabla ya saratani: kwa sababu ya VVU, ya kisukari, ya isoniazidi ya kifua kikuu iliyotolewa bila vitamini B6, au ya pombe ya lutuku iliyonywewa miaka mingi.

Wangapi hupatwa? Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa za kemo za aina hii. Mwezi mmoja baada ya matibabu, watu 68 katika kila 100 walikuwa na dalili za neva. Baada ya miezi mitatu walikuwa 60. Baada ya miezi sita na kuendelea walibaki 30. Kushuka huko kunatia moyo, kwa kuwa neva nyingi hujirekebisha zenyewe, taratibu. Lakini hao karibu theluthi wanaobaki si wachache. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2017 juu ya wanawake waliopona saratani ulikuta karibu nusu yao bado wana dalili takriban miaka sita baada ya matibabu, na wale wenye dalili walianguka karibu mara mbili ya wenzao. Neno hilo, kuanguka, ndilo ningependa kila familia ilishike. Maumivu humfanya mtu alie. Kuanguka humvunja nyonga, na mifupa ya wengi wao tayari imedhoofishwa na matibabu ya kuzuia homoni.

Sasa tazama mapumziko yanavyofanya kazi kwa mtu kama huyo. Msuli wa paja usiotumika hukonda ndani ya wiki chache. Kifundo cha mguu hukaza. Ubongo, ambao ulikuwa ukipokea habari nyingi kutoka nyayoni na sasa unapokea chache, unazidi kuzisikiliza kelele za neva zilizoumia, maana hakuna habari nyingine zinazoshindana nazo. Maumivu hukua katika kimya hicho. Mtu husimama akiyumba, anaogopa, anakaa tena, na kila anapokaa anakuwa na nguvu pungufu za kusimama kesho yake. Mazoezi huuvunja mzunguko huu mahali pengi kwa pamoja: huimarisha misuli inayomshika mtu anapojikwaa, huongeza damu inayofika kwenye neva ndogo, hushusha sukari ya damu na uzito, huleta usingizi, na huufundisha ubongo kuzitumia vizuri zile habari chache zinazobaki.

Msomaji makini atauliza ushahidi uko wapi, na ana haki ya kujibiwa bila chumvi. Mwaka 2018 watafiti wa Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 355 waliokuwa kwenye kemo. Karibu nusu yao walipewa wiki sita za kutembea na kuvuta mipira ya mazoezi nyumbani kwao, na walipata nafuu dhidi ya wenzao katika hisia za moto na baridi mikononi na miguuni. Ganzi nayo ilielekea kupungua, ingawa tofauti hiyo haikuwa kubwa vya kutosha kutoa hukumu. Mwaka 2024 timu iliyoongozwa na Fiona Streckmann ilichapisha jambo lenye uzito zaidi. Wagonjwa 158 waliokuwa wanaanza kemo ya oksaliplatini au dawa za jamii ya vinkristini waligawanywa makundi matatu, na mawili ndiyo yanayotuhusu hapa. Kati ya waliopata huduma ya kawaida tu, watu 7 katika 10 walipata ugonjwa wa neva. Kati ya waliofanya mazoezi ya kujisawazisha, yaani kusimama kwa namna zinazozidi kuwa ngumu, mara mbili kwa wiki kwa muda wa dakika 15 hadi 30, waliopata ni 3 katika 10. Hakuna kidonge kilichowahi kukaribia tofauti hiyo.

Hata hivyo lazima tuseme mpaka wa ushahidi huu ulipo. Tafiti hizo mbili ziliwafuata watu wakati wa kemo, siyo miaka mitano baadaye. Kwa yule ambaye maumivu yake yamekwisha kuwa sugu, tafiti ni ndogo zaidi. Zinaonyesha kwamba nguvu, mizani ya mwili na uwezo wa kutembea huongezeka, lakini hazimwahidi mtu kwamba ganzi itaondoka. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, kilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2020, kilisema ushahidi wa mazoezi bado ni wa mwanzo. Lakini tusome mwongozo uleule hadi mwisho: hakuna dawa hata moja iliyopendekezwa kwa ajili ya kuzuia tatizo hili, na kwa kupunguza maumivu yaliyokwisha kuwapo ilipendekezwa moja tu, duloksetini, ambayo nafuu yake ni ya kiasi. Asetili-L-kanitini, iliyokuwa ikiuzwa kama kinga ya neva, ilikatazwa, maana ilipopimwa ilikutwa inazidisha madhara. Nayo vitamini B6, ambayo wengi huinunua dukani kwa wingi wakiamini zaidi ni bora, ikizidi sana huharibu neva zilezile. Basi anayetaka kuyakataa mazoezi kwa hoja ya ushahidi mchache atuambie kwanza anaweka nini mahali pake. Kiti cha barazani hakina utafiti hata mmoja unaokitetea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mgonjwa mwenyewe: nikitembea inauma, na maumivu ni mwili unaosema acha. Kwa kidonda au mfupa uliovunjika, ndivyo. Kwa neva iliyoumizwa na dawa, kengele yenyewe ndiyo iliyoharibika. Inalia hata pasipo moto, na mara nyingi hulia zaidi usiku mtu akiwa amelala asifanye lolote. Moto wa nyayo baada ya kutembea dakika kumi hauna maana kwamba neva zimekatika zaidi. Kipimo wanachokitumia wataalamu wa tiba ya viungo, wale ambao Lubumbashi huitwa kine, ni rahisi: maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa kabla ya asubuhi inayofuata, kiasi kilikuwa sawa. Yakibaki juu hadi kesho yake, kipunguze kwa theluthi au nusu, usiache kabisa. Anayetembea dakika tano leo, na wiki ijayo saba, hajachelewa.

Hatari ya kweli iko chini ya mguu usiosikia, na hapa mtaa una maneno yake. Golf ina barabara za lami, lakini mtu akiingia ndani, Golf Météo au kwingineko, atakuta njia za udongo mwekundu ambazo mvua za Novemba hadi Machi huzichimba mifereji. Mtu mwenye nyayo zenye ganzi hutumia macho badala ya miguu kujua ardhi ilivyo. Giza likimwondolea macho, hana kitu. Kwa hiyo umeme unapokatika jioni, kutoka mezani hadi chooni kunakuwa ndiyo safari ya hatari kuliko zote za siku. Kabla ya kupanga mazoezi yoyote, taa ndogo ya betri au ya sola ikae karibu na kitanda, na mkeka unaojikunja uondolewe njiani. Matembezi yafanywe jua likishatoka, kwa njia ileile inayojulikana mashimo yake, na siku ya matope yafanyike uani au ukumbini. Mwezi wa Juni na wa Julai, asubuhi za Lubumbashi zinapokuwa na baridi kali, aliyetibiwa kwa oksaliplatini avae soksi na glavu au angoje saa nne, kwa kuwa baridi huamsha maumivu yake. Kandambili zikae bafuni. Kutembea kunahitaji raba za kufunga kamba zenye soli imara na nafasi ya vidole, hata za mitumba, mradi mtu atie mkono ndani na kupapasa kama kuna msumari au kijiwe kabla hajazivaa. Jioni nyayo zichunguzwe, kwa kioo au kwa macho ya mtoto wa nyumbani, maana lengelenge lisilouma linaweza kukaa wiki nzima likioza. Na maji ya kunawia yapimwe kwa kiwiko.

Wengi watasema: mama wa Lubumbashi hahitaji mazoezi, anafanya kazi kutwa. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, maana linatoka kwa watu wanaojua kazi ni nini. Kusonga bukari kwa familia ya watu kumi ni kazi ya mabega. Kubeba bidoni ya maji ya lita 20 ni kazi ya mwili mzima. Lakini kazi ya nyumbani haijipimi kwa hali ya mgonjwa. Bidoni ina lita 20 siku uliyolala vizuri na lita 20 siku uliyokesha na miguu inayowaka. Haianzi na lita mbili na kupanda polepole. Tena kazi hizo hufanyika karibu na vitu vinavyomdhuru asiyesikia: mbabula yenye makaa mekundu, sufuria isiyo na mpini, kisu cha kukatia sombe. Na zaidi ya yote, hakuna kazi ya nyumbani inayofundisha mizani ya mwili kwa makusudi, yaani kusimama kwa mguu mmoja ukiwa na ukuta wa kushika. Zoezi ndilo mahali pekee ambapo kiasi hupimwa kwa mgonjwa na si kwa mahitaji ya nyumba. Familia ikimwondolea bidoni na ikamwachia nusu saa yake, imemsaidia. Ikimwondolea bidoni na kumwachia kiti, imemsaidia nusu.

Kuna katazo jingine linalowatesa wanawake waliokatwa titi na kutolewa tezi za kwapani: usinyanyue kitu kwa mkono huo maisha yako yote, utavimba. Wengi wao wana maumivu ya neva ya kwapani na ndani ya mkono wa juu, kwa sababu neva inayopita hapo mara nyingi hukatwa au kuvutwa wakati wa upasuaji, na mkono unaofichwa kifuani kwa hofu huishia kukaza bega. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono. Waliopewa mazoezi ya kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana na kuvaa mfuko wa kubana mkono, uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wenzao, na vipindi vya kuzidiwa vilikuwa vichache: 14 katika mia dhidi ya 29. Chupa ya maji ya nusu lita, ikinyanyuliwa polepole mara kumi, ni mwanzo mzuri, ikiwa daktari amethibitisha kidonda kimefunga.

Kwa hiyo nusu saa hiyo ifanane na nini? Nianze na kusimama, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi ulipo mzito. Mtu asimame karibu na ukuta au meza isiyoyumba, miguu ikiwa pamoja. Akiweza sekunde 30, aweke kisigino kimoja mbele ya vidole vya mguu mwingine. Akiweza hapo, asimame kwa mguu mmoja. Macho yabaki wazi mpaka kine aseme vingine. Kisha anyanyuke kitini bila kujishika kwa mikono, mara tano, siku nyingine nane, na ainue visigino akishika ukuta. Hayo mara mbili au tatu kwa wiki. Kutembea kupangwe siku nyingi kadiri iwezekanavyo, kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini usiomruhusu kuimba, kukielekea kile kiwango ambacho wataalamu wa mazoezi na saratani walikubaliana mwaka 2018: dakika 30, mara tatu kwa wiki. Ambaye nyayo zake hazivumilii uzito aanze akiwa ameketi, kwa kukunja na kunyoosha vifundo na kusukuma kanyagio za baiskeli isiyosogea kama ipo. Mwenza awepo wiki za kwanza, wa kushika mkono na siyo wa kusema basi, imetosha, kaa.

Ziko hali zinazosimamisha kila kitu. Maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea ghafla, ganzi ya sehemu za siri, au mkojo usiozuilika, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu yanaweza kuwa saratani inayobana uti wa mgongo, na masaa yana thamani. Mfupa unaouma mahali pamoja bila kutulia hata usiku upigwe picha kabla ya zoezi lolote la uzito. Homa, kutokwa damu puani au kwenye fizi, kidonda cha mguu, maumivu ya kifua, mguu mmoja uliovimba: hospitali kwanza. Anayehisi kizunguzungu kila anaposimama aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kuinuka na amweleze daktari, maana zile neva zinazosimamia presha nazo huumia. Na aliyepewa doksorubisini, ambayo inaweza kudhoofisha moyo, akikosa pumzi kwa kupanda ngazi chache asijisukume.

Matibabu yetu yamegawanyika kati ya miji na nchi. Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ya Lusaka, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2007, iko ng'ambo ya mpaka; wengine hutibiwa Afrika Kusini au India; maumivu yanaanza mtu akiwa amekwisha kurudi Golf, mbele ya daktari au kine wa hospitali ya Sendwe ambaye hakuwapo dawa zilipowekwa. Yeye hawezi kupanga zoezi salama bila kujua ni dawa gani, jumla ya dozi ngapi, mara ya mwisho lini, na kama mifupa ilipigwa picha. Karatasi yenye mambo hayo manne, iliyoandikwa na hospitali kabla mgonjwa hajapanda basi la kurudi, haigharimu kitu. Ganzi nayo hupimwa kwa uma wa chuma unaotetemeka na uzi mgumu wa nailoni unaogusishwa kwenye kidole gumba, vifaa vinavyoingia mfukoni, na kipimo hicho kikifanywa kila baada ya miezi mitatu, mgonjwa na kine wake wataona kama miguu inarudi au inakwenda. Ndugu anayemsindikiza aiombe karatasi hiyo kabla ya kuagana na daktari, na aulize kwa sauti: atatembea lini, na kiasi gani?